Kidude cha kuchomeka au kodingi: gari unalidanganya au unaliagiza?

Siku hizi mtu akitaka kubadili tabia ya gari lake, iwe kuzima ile kitu ya injini kujizimia yenyewe ukisimama foleni, au kufunga taa za LED, au kuongeza nguvu kidogo, anakutana na njia mbili. Ya kwanza ananunua kidude chenye soketi zake, anachomoa plagi ya gari, anakiweka katikati, kazi imeisha. Ya pili anachomeka adapta kwenye soketi ya OBD, ile ambayo mafundi wanaitumia kusoma hitilafu za gari, anafungua apu kwenye simu au programu kwenye laptopu, anabadilisha setingi ndani ya kompyuta za gari lenyewe, anachomoa adapta anaenda zake, na hiyo ndo inaitwa kodingi. Halafu linaanza lile bishano la ipi bora, na watu wanabishana kana kwamba hizi ni chapa mbili za bidhaa moja. Sio. Ni kazi mbili tofauti kabisa, moja inalidanganya gari kutoka nje na nyingine inaliagiza kutoka ndani. Ukishika hapo mengine mengi yanajipanga, ingawa kuna mahali mpaka wenyewe unavurugika na tutapafikia.

Tuanze na waya. Gari la kisasa halina kompyuta moja, lina kibao, zile mafundi wanaziita kontroboksi: ya injini, ya gia, ya breki, ya taa na milango, ya eabegi, ya dashibodi, na nyingine nyingi zimejificha chini ya viti. Zinaongea kupitia mfumo unaoitwa CAN, waya mbili zimesokotwa pamoja, kitu ambacho Bosch walikitambulisha mwaka 1986. Sasa kinachonifurahisha kwenye CAN ni kwamba ujumbe hauna jina la aliyeutuma wala la anayetumiwa. Una namba tu, namba fulani maana yake hii ni habari ya mzunguko wa injini, namba nyingine hii ni habari ya mlango, na kila boksi kwenye laini inasikia kila kitu inachukua kinachoihusu. Na hamna anayeuliza we nani. Ukituma ujumbe wenye namba sahihi unaaminiwa, basi. Waliobuni mfumo walikuwa wanatafuta kupunguza mzigo wa nyaya, suala la mgeni kuingia kwenye laini halikuwa shida ya wakati ule, na ndo maana hadi leo kidude cha kuchomeka kinaweza kukaa mle na kuongea kama mwenyeji.

Kodingi yenyewe inatokana na uchoyo mzuri tu wa viwanda. Kiwanda hakitaki kutengeneza kontroboksi ya taa tofauti kwa kila toleo na kila nchi, kwa hiyo kinatengeneza moja inayojua kila kitu halafu kinaiambia kwa setingi: gari hili lina taa za ukungu au halina, usukani uko upande gani, mlio wa mkanda upigwe au usipigwe. Setingi zinakaa kwenye kumbukumbu kama biti, 0 au 1, biti nane zinafanya baiti moja, na boksi moja inaweza kuwa na makumi ya baiti. Chukua mfano wa kushusha vioo vyote kwa kushikilia kitufe cha rimoti kabla hujafika garini. Mota za vioo zipo, rimoti ipo, boksi inajua kabisa jinsi ya kufanya hiyo kazi, kinachokuzuia ni biti moja iliyowekwa 0. Unaingia na VCDS au OBDeleven kama ni familia ya Volkswagen, BimmerCode kama ni BMW, FORScan kama ni Ford, unaigeuza 1, imetoka. Hamna waya uliokatwa, hamna kitu kipya kinachokula betri, na boksi inaendelea kufanya kazi kama ilivyotoka kiwandani kwa sababu kimsingi hicho ni kitu ilichofundishwa kiwandani.

Watu wanachanganya sana kodingi na kuflashi, tena hata baadhi ya mafundi wanayataja kama kitu kimoja, na hapa ndipo hofu isiyo na msingi inapozaliwa, na vilevile ujasiri usio na msingi. Kodingi ni kugeuza swichi zilizopo ndani ya programu. Kuna kurekebisha viwango, ambapo badala ya ndiyo au hapana unaweka namba, mfano taa za ndani ziwake sekunde ngapi baada ya kufunga mlango. Na kuflashi ni kufuta programu yenyewe au ramani zake na kuandika nyingine, ndo kinachofanyika mtu akisema ameremapu injini. Ukikosea kodingi mara nyingi unarudisha thamani ya zamani maisha yanaendelea. Ukiwa katikati ya kuflashi betri ikashuka, boksi inaweza kufa palepale, na ndo maana fundi anayejielewa anaunganisha chaja maalum ya kushikilia volti kabla hajagusa kitufe, na ukiona mtu anaflashi injini kwa kutegemea betri peke yake huku redio inapiga muziki, chukua funguo zako.

Upande wa vidude navyo sio kitu kimoja. Kuna vinavyokaa kwenye waya wa sensa na kubadilisha inachosema. Kuna vinavyokaa kwenye CAN na kutuma ujumbe wao. Na kuna vile vya kawaida kabisa ambavyo kazi yao ni kukubonyezea kitufe. Hivi vya mwisho ndo vya kuzima ule mfumo wa injini kujizimia foleni: unakichomeka nyuma ya kitufe chenyewe, ukiwasha gari kinasubiri kidogo kisha kinabonyeza kwa niaba yako, au kinakumbuka ulikiacha vipi jana. Gari halijui kama ni kidole au ni kidude. Mi hivi sina ugomvi navyo, vikiharibika unavichomoa kitufe kinarudi kama kilivyokuwa, na hamna mfumo wa maana uliodanganywa.

Sasa angalia kodingi inavyofanya kazi hiyohiyo, maana hapa ndo ule mpaka unavurugika. Kwenye BMW nyingi unaweka setingi kwamba mfumo ukumbuke hali ya mwisho, safi, hayo ni maagizo. Lakini kwenye baadhi ya magari ya Volkswagen njia iliyopendwa na wengi ni kuingia kwenye kile kiwango cha chini cha volti ya betri ambacho chini yake mfumo haukubali kuzima injini, unakipandisha hadi 12 na kitu, kwa hiyo gari kila siku linaona betri haitoshi na linaacha injini iwake. Yaani hapo umetumia kodingi kudanganya. Inafanya kazi, watu wanaipenda, ila ni vizuri ujue umefanya nini, kwa sababu siku fundi mwingine akija kutafuta kwa nini gari linalalamikia betri mpya ataumia kichwa bure.

Mfano ninaopenda kuutumia kueleza tofauti ni balbu za indiketa, kwa sababu hapa hesabu inaonekana kwa macho. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21, kwa volti 12 inavuta ampea 1.75. LED inayokaa mahali pake inavuta wati chache tu. Boksi ya taa inapima mkondo, ikiona umeshuka hivo inaamua balbu imekufa, indiketa inaanza kupepesa harakaharaka na dashibodi inatoa onyo. Dawa ya kuchomeka ni resista, ile ya mwili wa bati la dhahabu, kwa kawaida ya omu 6, inafungwa sambamba na LED ili boksi ione mzigo. Piga hesabu: volti 12 kugawanya kwa 6 ni ampea 2, ambayo ni wati 24, na injini ikiwa inawaka volti zinakuwa karibu 14 kwa hiyo unafika kama wati 33. Zote hizo zinaenda kuwa joto. Umenunua LED inayokula umeme kidogo halafu umeifungia pembeni hita inayokula zaidi ya balbu uliyoitoa! Na mtu akiifunga hiyo resista kwa gundi kwenye plastiki ya taa badala ya kwenye bati la bodi, siku atakapowasha indiketa zote nne akisubiri msaada barabarani kwa saa nzima, plastiki itaanza kulainika.

Kodingi inamaliza hilo kwa kuiambia boksi kwamba hapo pana LED. Ila nayo ina mtego wake ambao wengi hawausemi. Boksi nyingi zinakagua balbu hata zikiwa zimezimwa, zinatuma vipigo vifupi sana vya umeme kuona kama waya wa balbu ni mzima. Balbu ya kawaida haiwezi kuwaka kwa kipigo kifupi vile, LED inawaka, kwa hiyo unakuta gari limezimwa na taa inameremeta kidogokidogo kama ina pepo. Lazima uzime ukaguzi wa baridi, yaani wa taa ikiwa imezimwa, na wa moto pia, yaani wa ikiwa inawaka, na ukishauzima wote basi siku LED yenyewe ikifa hamna atakayekwambia, utaambiwa na dereva wa nyuma kwa honi. Kwenye taa ya ndani ya buti sioni tatizo. Kwenye indiketa na taa za breki fikiria mara mbili, na uangalie na sheria ya unapoendeshea, maana sehemu nyingi onyo la indiketa kufa ni sharti la gari kuwa barabarani.

Tukija kwenye nguvu za injini, hapa sifichi nimeegemea wapi. Boksi ya kuongeza nguvu kwenye injini ya tabo, ile yenye feni ya kusukuma hewa ndani, inakaa kati ya sensa ya presha na kontroboksi. Tabo inasukuma presha ya bar 1.5, boksi inachakachua inasema ni 1.3, kontroboksi inaona bado haijafika inaongeza. Umepata nguvu. Lakini fikiria ulichofanya, umeifumba macho kontroboksi palepale inapotakiwa kuona, kwa sababu mipaka yote ya kujilinda kwa presha inapigiwa hesabu kwa namba ya uongo. Ina njia nyingine za kugundua, inasikiliza kugonga kwa injini, inapima hewa ya ekzosi, inaona kwamba mafuta yanahitaji marekebisho makubwa kuliko kawaida, na ikikusanya ushahidi wa kutosha inakata nguvu na kuwasha taa ya injini. Boksi za maana zinasoma CAN pia na zinaacha kudanganya injini ikiwa baridi au joto likizidi, siwezi kuziweka kapu moja na zile za waya mbili. Remapu iliyoandikwa na mtu anayejua inaongeza presha huku kontroboksi ikijua ukweli wote, presha halisi, mafuta halisi, na mipaka imesogezwa kwa makusudi. Kiufundi ni njia safi zaidi. Tatizo ni hilo neno "anayejua". Remapu mbovu ni mbaya kuliko boksi mbovu, kwa sababu boksi haiwezi kuzima ulinzi moja kwa moja lakini mtu mwenye laptopu anaweza kuufuta kabisa ili gari lisilalamike, na wengine ndicho wanachofanya.

Vile vidude vya pedeli ya mafuta vinastahili sentensi zake. Haviongezi nguvu hata kidogo. Vinachukua ulichokanyaga asilimia 20 vinaiambia kontroboksi umekanyaga 40, gari linaruka unahisi limebadilika, ila ukikanyaga mpaka chini ni gari lilelile. Pedeli ina sensa mbili ndani na kontroboksi inazilinganisha kila wakati, kwa kawaida moja inatoa volti nusu ya mwenzake, kwa hiyo kidude lazima kidanganye zote mbili kwa uwiano ule ule, kikiteleza kidogo gari linajikata nguvu. Na kwa usalama ndivyo inavyotakiwa. Kuhusu vile vichipu vya kuchomeka OBD vinavyodai kupunguza ulaji wa mafuta, vingi ukivifungua unakuta taa ndogo zinazopepesa na hamna hata sehemu ya kuongea na CAN. Tuendelee.

Kodingi haiwezi kukuletea kitu ambacho hakipo. Kama kiti hakina waya za joto ndani, geuza biti unavyotaka, utapata kitufe kwenye skrini na kiti baridi. Lakini siku hizi mambo yamegeuka, vitu vipo na vimefungwa. Tesla mwaka 2016 waliuza Model S 60, yaani ya kilowati-saa 60, ikiwa na betri ya kilowati-saa 75 ndani iliyobanwa kwa programu. BMW mwaka 2022 walizua kelele kwa kutoza watu wa baadhi ya nchi kila mwezi kwa joto la viti lililokuwa tayari ndani ya gari, mwaka uliofuata wakaacha. Kwa magari ya namna hiyo kugeuza setingi sio swali la ufundi tena, ni swali la nani anamiliki hiyo setingi, na mwenye kiwanda anaweza kukujibu kupitia apdeti. Ilitokea 2020, kampuni ya Ingenext ya Quebec ilikuwa inauza moduli ya kuchomeka inayoipa Model 3 ya mota mbili nguvu ambazo Tesla wenyewe walikuwa wanaziuza kama programu. Apdeti ikaja, gari likaanza kuonyesha kwenye skrini kwamba limeona badiliko lisilokubalika. Kwa hiyo ile kauli inayosikika kwamba kidude hakiachi alama ni ya zamani.

Na kodingi nayo inaachwa uchi na apdeti kwa namna yake. Ukipeleka gari kwa wakala likaapdetiwa, mara nyingi boksi zinaandikwa upya kufuata orodha ya kiwandani ya namba ya chesisi yako, na vioo vyako vya rimoti vinatoweka kimyakimya. Sio wamekuadhibu, mashine imefanya kazi yake. Ndo maana kabla ya kugusa chochote unahifadhi kodingi yote ya awali, ya boksi zote, faili ikae mahali pengine mbali na simu inayofanyia kazi. Kuhusu waranti, kuflashi injini kunaonekana, kwenye familia ya Volkswagen gari linaweza kuwekewa alama kwenye kumbukumbu za kiwanda na haifutiki kirahisi. Kodingi ya mlio wa mkanda haimsumbui mtu hivo. Boksi ya nguvu unaweza kuichomoa kabla ya sevisi, ila kontroboksi inakumbuka presha na marekebisho ya ajabu iliyoyaona, kwa hiyo usimwone fundi wa wakala ni mjinga.

Kuna "kuchomeka" kwa uongo pia. Kidude kikija na soketi zinazofanana na za gari, sawa. Kikija na vile vibana waya vya plastiki ya buluu ambavyo unabana na koleo, hiyo sio kuchomeka, hiyo ni kukata. Kile kibati cha ndani kinapasua ganda na kinaweza kukata nyuzi kadhaa za waya, unyevu unaingia, kutu ya kijani inaanza, na baada ya muda unapata hitilafu inayokuja na kuondoka, mbaya kuliko zote kutafuta. Kwenye waya za CAN ndo usithubutu.

Adapta ya OBD nayo ichomolewe ukimaliza. Pini namba 16 ya soketi ile ina umeme wa betri muda wote hata funguo zikiwa mfukoni, kwa hiyo adapta iliyosahaulika inakula betri taratibu. Na kuna suala la usalama, mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walionyesha wanaweza kugusa breki za Corvette ikitembea polepole kwa kutuma SMS tu kwenye kidude cha bima kilichochomekwa OBD. Kidude kilikuwa cha kupima mwendo, hakina nia mbaya yoyote. Ila si nimesema CAN haiulizi we nani?

Viwanda vimeshtuka, na hilo linabadilisha hesabu nzima. Magari ya kundi la Fiat Chrysler kuanzia modeli za 2018 yana boksi ya mlinzi kati ya soketi ya OBD na mtandao wa gari, unaruhusiwa kusoma, kuandika mpaka uwe na kibali. Volkswagen walileta kufuli lao kuanzia Golf 8, unahitaji ruhusa kutoka seva ya kiwanda na inadumu dakika 90 kisha inajifunga. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 155 inayohusu usalama wa kimtandao imekuwa sharti kwa magari yote mapya Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024. Matokeo yake ni kichekesho kidogo, kufuli zilizowekwa kuzuia wageni zinawasukuma watu warudi kwenye vidude na kebo za kumruka mlinzi, yaani badala ya kugeuza biti moja kwa utaratibu mtu anafungua dashibodi na kuunganisha nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote uliza kitu kimoja, je gari tayari linajua kufanya hii kazi na limekatazwa tu, au halijui na halina kifaa? Kama linajua, kodingi, isipokuwa limefungwa na huna njia halali ya kulifungua, hapo kidude cha kubonyeza kitufe kinaweza kuwa na akili zaidi. Kama halina kifaa, unahitaji kifaa, na mara nyingi utahitaji vyote viwili. Ndoano ya kuvutia trela ndo mfano mzuri. Kuna moduli ya jumla inayosoma tu taa za gari na kuzinakili nyuma, inawaka, trela lina taa, watu wanafurahi. Lakini gari halijui kama lina trela, kwa hiyo ukiweka rivasi sensa za nyuma zinapiga kelele kwa sababu zinaliona trela kama ukuta, na mfumo wa kutuliza gari unapigia hesabu gari lisilo na mkia wakati mkia unayumba kweli. Moduli ya gari husika ikifungwa kwenye CAN na ikafanyiwa kodingi, sensa zinanyamaza na breki zinajua kuna trela na zinaweza kulituliza likianza kuyumba. Mpangilio nao uwe sawa: funga moduli kwanza ndo ufanye kodingi, ukianza na kodingi gari litatafuta boksi ambayo haipo na kuandika hitilafu. Na fundi akikwambia ameshafunga, kodingi atamalizia wiki ijayo, trela nalo lisubiri wiki ijayo.